Daftari Litajaa Tu

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mazoezi yako ya vitendo ya uuguzi yamepangwa Upanga, na kwamba utazungushwa Hospitali ya Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Eneo moja, na ndani yake wagonjwa mahututi wa kila namna. MOI utakutana na walioumia kichwa, wengi wao vijana wa bodaboda. Hapo utapima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kile cha 1974, mpaka uache kukisia kati ya 9 na 8. Mgonjwa akishuka hadi 8, anza kufikiri kwamba huenda hawezi tena kuilinda njia yake ya hewa mwenyewe. Taasisi ya Moyo utaona waliotoka kupasuliwa kifua, na damu inayotoka kwenye mirija yao lazima uipime na kuiandika. Muhimbili utawaona waliobaki: kifafa cha mimba, nimonia, kisukari kilichopanda, maambukizi yaliyoenea mwilini.

Sasa nije kwenye kile kitabu chako cha stadi, chenye vijisanduku vya kusainiwa. Nakijua. Siku ya kwanza utakifungua, utaona orodha, na utaanza kuzunguka vitandani ukiuliza nani ananyonywa makohozi, nani anawekewa katheta, nani anatolewa bomba la kupumulia. Wiki ya pili utakuwa umegusa wagonjwa ishirini na humjui hata mmoja. Usifanye hivyo. Daftari litajaa tu. Mazoezini sijaona mwanafunzi aliyekwama kwa kukosa sahihi. Niliowaona wakikwama ni wale waliojaza kila kisanduku na bado hawakutambua kwamba mgonjwa aliye mbele yao amebadilika tangu saa nne asubuhi.

Omba upewe mgonjwa mmoja. Kaa naye zamu nzima, na kesho yake uombe huyohuyo. Fika kabla ya makabidhiano, sikiliza ripoti, halafu usiiamini mpaka umeipitia kwa mikono yako. Kila mrija ufuate kuanzia kwenye chupa au pampu mpaka unapoingia mwilini. Kila dawa jiulize imewekwa kwa nini, na itakuwaje ikikatika kwa dakika tano. Dawa za kupandisha presha zikikatika dakika tano, mgonjwa anaweza kufa wakati wewe unatafuta chupa nyingine stoo. Kwa hiyo chupa inayofuata iwe imeshaandaliwa kabla ya iliyopo kuisha. Hilo halina kisanduku kwenye kitabu chako.

Na uhesabu pumzi mwenyewe, dakika nzima, ukiangalia kifua. Unajua kama mimi ninavyojua kwamba kwenye chati za wodi zetu karibu kila mtu anapumua mara 20. Mwenye nimonia 20, mwenye mguu uliovunjika 20, hata anayekata roho 20. Monita nayo hudanganya, maana mgonjwa akijigeuza au akikohoa yenyewe huhesabu pumzi. Wakati huohuo kasi ya kupumua ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika mtu anapoanza kuharibika, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri.

Muuguzi mmoja wa Marekani, Patricia Benner, aliandika mwaka 1984 kitabu kuhusu namna muuguzi anavyokua kutoka mwanagenzi hadi bingwa. Alieleza jambo ambalo sisi tulikuwa tukiliona kila siku bila kuliandika: bingwa hutambua mgonjwa anaharibika kabla hajaweza kusema amejuaje, kama mpishi anayejua wali umeiva bila kufunua sufuria. Ujuzi huo hauko kwenye silaidi za darasani. Uko kwa yule mama wa stashahada aliyekaa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, miaka na miaka, ambaye wewe na digrii yako unaweza kushawishika kumpita bila shikamoo.

Huyo ndiye mwalimu wako. Shida ni kwamba hafundishi kwa kusema. Atapita kitandani, atasimama kidogo, atasema, “Huyu leo simwelewi.” Hapo usimwachie aondoke. Mwambie, “Mama, umeona nini?” Atakujibu kwamba hajui, hayuko sawa tu. Endelea kumuuliza kwa adabu: ni ngozi? Ni anavyopumua? Ni anavyokutazama? Mtafika mahali atasema, aa, vidole vya miguu vimepoa kuliko asubuhi, na mkojo umesimama palepale kwenye alama ya mfuko. Sasa nawe una kitu cha kupima. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kwa saa. Angalia ametoa ngapi. Presha ya wastani tunataka isishuke chini ya 65. Angalia imefika wapi. Kazi yako yote ya mazoezi, kwa maoni yangu, ni hiyo: kukitoa kinywani kile ambacho mikono ya wenzako inakijua, na kukilinganisha na namba.

Ila ukimpigia daktari, usimwambie mgonjwa “hayuko sawa.” Hilo ni la kuambiana wauguzi. Daktari mpelekee namba na ombi: “Dokta, kitanda cha tatu, presha ya wastani imeshuka kutoka 72 hadi 58 ndani ya saa moja, mkojo mililita 10, miguu imepoa. Naomba uje umwone sasa.” Akikawia, mwambie msimamizi wa zamu, na mpige tena. Ukiogopa kuonekana msumbufu, ICU haikufai.

Mashine zisikutishe, wala zisikuleweshe. ICU haikuanza na mashine. Agosti 1952 polio iliivamia Copenhagen, na daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen akaelekeza binti wa miaka 12 atobolewe koo na kupumulishwa kwa mfuko uliobanwa kwa mkono. Binti alinusurika, na wanafunzi kiasi cha 1,500 wakaitwa kupokezana zamu, wakibana mifuko usiku na mchana. Ndiyo maana kila uingiapo zamu, kabla hujashika chati, hakikisha ambubagi, mfuko huo wa kubana kwa mkono, ipo kando ya kitanda na mashine ya kunyonya makohozi inavuta. Umeme wetu unaujua. Na mgonjwa wa kwenye mashine akishuka oksijeni ghafla, usizime kelele ya monita halafu uanze kubonyeza vitufe. Ita msaada, mtoe kwenye mashine, mpumulishe kwa mkono na oksijeni, kisha utafute: bomba limesogea, limeziba, hewa imeingia pembeni ya pafu, au mashine yenyewe ndiyo mbovu? (Hili litaonekana rahisi kwenye mdoli wa maabara. Mdoli haubadiliki rangi.)

Kusafisha kinywa, kulinda macho yasikauke, kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kumgeuza: wanafunzi huviona vya wahudumu. Mimi nikitaka kujua ICU fulani ikoje, naangalia midomo ya wagonjwa kwanza. Na zungumza na aliyelala fofofo. Mtaje jina, mwambie unachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa. Halafu toka nje umwone ndugu yake aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, umweleze kwa lugha anayoielewa, bila kumwahidi usichonacho.

Jambo la mwisho ni la baada ya Upanga, maana huenda ukarudi wilayani kwenu, na huko hakuna mashine ya kupumulia. Utafiti mkubwa wa hospitali za nchi 22 za Afrika, uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2025, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa wanane waliolazwa, mmoja ni mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida, si ICU. Wengi walikosa vitu vidogo: oksijeni, kulazwa ubavu, dripu. Basi wiki yako moja omba uishie wodi ya kawaida, uwatafute mahututi waliofichika humo kati ya wanaosubiri ruhusa. Na ukifika kituo chako kipya, siku hiyohiyo ya kuripoti, uliza mtungi wa oksijeni umebaki na kiasi gani, na usiku ufunguo wake unakaa kwa nani.