Suala la Saa: Lifuatwe Jua au Ifuatwe Saa ya Mkononi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia jua na mwezi kuwa hesabu kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Ekalakala limeletwa suala ambalo hatukuona vyema kulijibu mbele ya wachache waliohudhuria kisha likaishia hapo, kwani yaliyotokea kwetu huweza kutokea kwa wengine. Suala lenyewe ni hili:

Kijana mmoja ana saa ya mkono ya zile ngumu, zisizoingia maji wala kuvunjika upesi kwa kuanguka, zinazopata nguvu kwa mwangaza wa jua na kusahihishwa kwa mawimbi ya redio. Katika mwezi wa Ramadhani alikuwa na ratiba iliyopigwa chapa kwa ajili ya watu wa Mombasa. Saa yake ilipofika dakika iliyoandikwa, alitangaza kuwa wakati wa kufuturu umeingia. Mzee mmoja akasema: "Mwanangu, jua bado lipo." Kijana akajibu kuwa jicho la mtu hukosea, lakini saa hii haikosei hata sekunde. Wengine wakafuturu, wengine wakangoja. Hapo wakazuka watu wa tatu, wakadai kuwa kutumia saa katika ibada ni bidaa, na zote zitupwe. Tumeulizwa: nani mwenye haki, na funga ya waliokula ina hukumu gani?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza yapasa kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Saa za namna hii zilianza kujulikana mwaka 1983, kampuni ya Casio ya Japani ilipotoa saa ya G-Shock, iliyobuniwa na mhandisi Kikuo Ibe kwa nia ya kupata saa isiyovunjika ikianguka. Baadaye zikaongezwa uwezo wa kutumia mwangaza na kupokea habari za wakati kwa redio. Zile zinazopokea kwa redio hutegemea mitambo sita mikubwa: miwili iko Japani, na mmoja mmoja Uchina, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Mitambo hiyo huongozwa na saa za atomu, ambazo kukosea kwake ni kudogo mno.

Lakini katika mitambo hiyo hakuna hata mmoja ulio Afrika. Ule wa Ujerumani, ulioko Mainflingen, hutegemewa kwa umbali wa kilomita 2,000 hivi, na kutoka huko hadi Ekalakala ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwa hiyo saa ya ndugu yetu, akiwa hapa Ukambani, haipati wa kuisahihisha. Huenda kwa mashine yake ya ndani tu kama saa nyengine njema, na saa za aina hiyo huweza kuzidi au kupungua sekunde 15 kwa mwezi. Hilo si aibu kwa saa, na kwa haja ya sala latosha sana. Ila mwenye kuivaa asidai kwa ajili yake jambo ambalo mahali hapa haliwezi.

Pili, tuseme kwamba saa ile ilikuwa sahihi kabisa siku ile. Je, kijana alikuwa na haki? La. Saa ilieleza dakika ya saa za Kenya, na dakika hiyo ni moja Mombasa, Ekalakala na Kisumu. Ama kuchwa kwa jua si kumoja. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, basi kila nyuzi moja ya kwenda magharibi jua hukawia dakika 4. Ekalakala iko magharibi ya Mombasa kwa nyuzi mbili hivi, kwa hiyo jua letu huchwa baada ya lile la Mombasa kwa dakika 8 hivi kwa wastani. Tena, kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi yetu, tofauti hiyo huongezeka mpaka kupita dakika 10 katika mwezi wa Juni, na hupungua sana katika mwezi wa Desemba. Basi ratiba ilikuwa ya haki kwa watu wa Mombasa, na saa ilikuwa ya haki kwa Kenya nzima, na mzee ndiye aliyekuwa na haki kwa Ekalakala.

Vivyo hivyo kwa adhuhuri. Wako wanaodhani kuwa ikigonga saa sita kamili jua limepinduka. Saa za Kenya zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 37 na nusu. Jua letu hupinduka kiasi cha saa sita na nusu: mapema Novemba hukaribia saa sita na robo, na katikati ya Februari hukaribia saa sita na dakika 45. Mwenye kusali adhuhuri saa sita kamili amesali kabla ya wakati, na sala ya kabla ya wakati haimtoki mtu katika dhima yake.

Tatu, hukumu ya funga. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara tuitimize saumu mpaka usiku, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mfungaji hufuturu usiku ujapo upande wa mashariki, mchana uondokapo upande wa magharibi, na jua likachwa. Basi aliyekula akidhani kwa dhati kuwa jua limekuchwa, kisha ikabainika kuwa halijakuchwa, hana dhambi, lakini katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi yampasa kuilipa siku ile. Ama aliyeliona jua kwa macho yake kisha akala kwa kuitegemea saa, huyo ameacha alama aliyoiweka Mwenyezi Mungu kwa ajili ya alama iliyowekwa na watu. Atubie, na alipe. Wala asijitetee kuwa zilikuwa dakika chache. Mwenye kufungua dakika moja kabla ya kuchwa hakuitimiza siku.

Nne, wale wasemao saa ni bidaa. Nao pia wamekosea. Saa si ibada, ni chombo cha kujulia wakati wa ibada, kama vile miwani ni chombo cha kusomea Msahafu. Wazee wetu wema hawakuichukia elimu hii. Misikiti mikubwa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, aliyeitwa muwakkiti. Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwakkiti wa Msikiti wa Umayya wa Damascus, aliutengenezea msikiti ule saa ya jua mwaka 1371. Ni ajabu, basi, kumwona Mwislamu wa leo akiikimbia hesabu ambayo wenzake waliishughulikia karne nyingi zilizopita, kisha akajidai kuwa hiyo ndiyo dini.

Limebaki la mvaaji mwenyewe. Kuivaa saa hii ni halali, maadamu si ya dhahabu, kwani dhahabu ni haramu kwa wanaume. Anapotawadha aisogeze, maji yafike chini ya ukanda, kwa kuwa saa kustahimili maji hakuufanyi mkono uliofichwa kuwa umeoshwa. Mwenye uwezo akiinunua kwa haja yake, hatusemi kuwa ni israfu. Ama anayekwenda kuinunua kwa mkopo wa riba wa kwenye simu ili aonekane mkononi, huku deni la duka halijalipwa na ada ya mtoto haijatimia, huyo amenunua hasara. Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa mja ataulizwa mali yake aliipata wapi na aliitumia katika nini, na ataulizwa pia umri wake aliumaliza katika nini. Masuala yote mawili yaihusu saa ile: bei yake, na wakati unaohesabiwa ndani yake. Kuna faida gani mtu kujua sekunde ya alfajiri, naye alfajiri ikamkuta na kumwacha amelala?

Basi ushauri wetu ni huu. Vijana wetu waliosoma hesabu na jiografia wakae na wazee wanaojua kutazama upeo wa mbingu, watengeneze ratiba ya Ekalakala yenyewe, na kila mara waipime kwa macho. Wanaotumia programu za simu wahakikishe kuwa mahali palipowekwa ni hapa, si mji mwengine. Jua likijificha nyuma ya kilima au mawingu wasiharakishe, bali watazame giza la mashariki na wangoje mpaka wapate yakini. Na kijana anapoambiwa na mzee kuwa jua bado lipo, ageuze uso atazame kabla ya kujibu. Hilo halimpunguzii elimu yake, na huenda likawaokolea watu saumu zao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe batili tuiepuke, na atujaalie miongoni mwa wanaozihifadhi sala kwa nyakati zake. Amin.