Fremu kwa Macho ya Nani?

Juma lililopita miwani yetu ilianguka sakafuni, nasi tukaikanyaga katika kuitafuta. Maana aliyepoteza miwani amepoteza pia kile ambacho angeitafutia. Tukaenda mjini kwenye duka la miwani. Mpimaji akatupima macho kwa uangalifu, akaandika namba za vioo, na kazi hiyo ikaisha kwa muda wa robo saa. Kisha tukapelekwa ukutani palipopangwa fremu za kila namna, na hapo tulisimama karibu saa nzima.

Tulivaa moja, tukakisogelea kioo cha ukutani. Hatukuona kitu. Vioo vya fremu za kujaribia havina nguvu yoyote, na sisi bila miwani hatuwezi kuutambua hata uso wetu wenyewe. Tuliona ukungu tu, na ndani yake maduara mawili meusi. Hatukuwa na budi kumgeukia binti muuzaji na kumwuliza kama inatufaa. Akajibu kwa adabu, "Inakupendeza, Padri. Tena ndiyo inayokwenda sasa."

Neno hilo limekaa moyoni mwetu tangu siku ile. Kwa maana miwani ina sehemu mbili. Vioo ni vya mwenye macho. Ndivyo vinavyomwonyesha njia, kitabu na sura za wapenzi wake. Lakini fremu, ikishakaa puani, mvaaji huisahau, na wenzake ndio wanaoitazama mchana kutwa. Basi anayechagua fremu huchagua kwa macho yasiyo yake. Je, ni vema kuchagua hivyo? Na kama ni vema, ni kwa macho ya nani?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni dogo. Tungekubali, kama udogo wake usingalitugharimu. Tulipokuwa wavulana shuleni tulipewa miwani yetu ya kwanza, yenye fremu nene ya rangi ya kahawia. Siku hiyo hiyo wenzetu wakatuita Bundi. Kesho yake miwani ikalala mfukoni, na muhula mzima tulinakili hesabu za ubaoni kwa kubahatisha. Mwalimu akatuona wavivu, na baba akatuona wajinga. Hatukuwa hivi wala vile. Tulikuwa tumeyauza macho yetu ili tupate kibali cha macho ya wengine.

Jambo hili si geni. Mwaka 1306, mjini Florence, Mdominiko Giordano wa Pisa alisema katika mahubiri yake kwamba haijatimia bado miaka ishirini tangu ufundi wa kutengeneza miwani ulipogunduliwa, naye akausifu kuwa miongoni mwa ufundi ulio bora na wa lazima. Mwaka 1352, huko Treviso, Tommaso da Modena alimchora Kardinali Hugh wa Saint-Cher akiandika huku amevaa miwani. Lakini Kardinali huyo alifariki mwaka 1263, kabla miwani haijakuwapo! Mchoraji alimvika ili watazamaji wamtambue kuwa mtu wa elimu. Tazameni: katika muda usiofika miaka mia, chombo cha kuonea kilikwisha kuwa pia alama ya kuonwa.

Na alama hizo hugeuka kama upepo. Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya afya ya taifa, Julai 1948, miwani ilitolewa bure mpaka mwaka 1951 ulipowekwa mchango wa bei. Fremu zilikuwa chache na za kawaida, nao watoto wengi walizionea haya, kwa kuwa ziliwatangaza kuwa ni watu wa kipato kidogo. Kisha mwaka 1966 mwanamuziki John Lennon akaonekana amevaa fremu ya duara ya namna ile ile, na vijana wakaanza kuitafuta kwa bidii. Waya ulikuwa ule ule. Haya haikuwamo katika waya, wala fahari haikuwamo. Zote mbili zilitoka machoni mwa watazamaji, na macho hayo hayakai mahali pamoja.

Je, tuseme basi kwamba mtu mwenye busara audharau mtindo kabisa, achukue fremu yoyote iliyo karibu? La hasha. Ajisifuye kwamba hajali sura yake, mara nyingi huwa anataka aonekane kuwa hajali. Huyo naye amesimama mbele ya kioo kile kile. Tena uso wetu si wetu peke yetu. Mgonjwa hututazama usoni, mtoto hututazama usoni, na mwenye huzuni hutafuta macho yetu kabla hajafungua kinywa. Kumtengenezea jirani uso unaotazamika ni sehemu ya adabu, kama kufagia ua kabla mgeni hajafika.

Tofauti, kwa maoni yetu, ni hii. Adabu huuliza, "Je, jirani ataniona vema?" Majivuno huuliza, "Je, jirani ataniona mkubwa kuliko yeye?" Na woga, ndugu wa majivuno, huuliza, "Je, jirani atanicheka?" Swali la kwanza laweza kujibiwa hata na fremu ya bei ndogo. Maswali mawili ya mwisho hayajibiwi na fremu yoyote duniani, kwa kuwa mwakani patatoka nyingine.

Tena yafaa tukumbuke kwamba wako wengi wasio na nafasi ya kuchagua. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Bangladesh. Watu zaidi ya 800, wa miaka 35 hadi 65, wenye kazi zinazotaka kuona karibu, waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likapewa miwani ya kusomea bure, jingine likangoja. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa kilizidi cha wenzao kwa theluthi moja hivi. Hakuna aliyeongezewa nguvu wala akili. Waliongezewa vipande viwili vya kioo. Tuliposimama saa nzima mbele ya ukuta ule, neno hili halikutujia. Linatujia sasa.

Ile fremu inayokwenda sasa ilikuwa kubwa, nasi tuliitamani, hatukatai. Lakini kila tulipoinama iliteleza mpaka nchani mwa pua. Tukachukua nyingine, nyeusi, ya kawaida, inayokaa. Tukamwuliza binti tena, safari hii kama anayaona macho yetu vizuri. Akatutazama kidogo, akasema, "Nayaona." Tukalipa.

Tunaomba neno moja kwa walimu na wazazi. Mtoto atakapoingia darasani au sebuleni na miwani yake ya kwanza, atasimama mlangoni kitambo kidogo, akiwatazama. Hana kioo kingine cha kujitazamia ila nyuso zenu. Neno lenu la kwanza ndilo litakaloamua kama miwani ile itakaa puani au italala mfukoni.