Sanduku la Kijapani na Kabati la Nyumbani Kwetu



Somo letu ni Luka 12, tangu mstari wa 13 hata wa 21, habari za yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimu kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule akatakiwa roho yake. Somo hili twalijua sana. Pengine twalijua mno, maana likisomwa kanisani twamfikiria jirani mwenye maduka, wala hatujifikirii sisi.

Sisi tuliofundisha kazi za mikono katika chuo cha ualimu tulikuwa na picha za vyombo vya kale vya Kijapani, na kila mwaka tuliwaonyesha wanachuo ili wajifunze subira. Kuna mti huko uitwao urushi. Huchanjwa gome lake, kama unavyochanjwa mpira, ukatoa utomvu. Mti uliokua miaka kumi au zaidi hutoa gramu 200 hivi tu kwa msimu mmoja, kisha kwa desturi hukatwa. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha ngozi hata ikatoka malengelenge. Fundi hupaka ubao tabaka moja jembamba, akakiweka chombo mahali penye unyevu, kwa maana utomvu huu, tofauti na rangi zetu, huwa mgumu penye unyevunyevu. Kisha hukisugua, akapaka tena, na tena, na tena. Mwisho hunyunyiza unga wa dhahabu juu ya picha aliyoichora, au hupachika vipande vya gamba la chaza ling'aalo. Miezi mingi hupita kabla chombo hakijamtoka mkononi. Wanachuo walikuwa wakiguna: "Mwalimu, si afadhali kununua cha plastiki?"

Vyombo hivyo vimewatia watu wa Ulaya tamaa kwa zaidi ya miaka 400. Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa alirithi visanduku vingi kutoka kwa mama yake mwaka 1780, akaviongeza. Mwaka 1793 akauawa. Visanduku vikabaki, na hata leo watu huvitazama katika majumba ya makumbusho.

Lakini habari iliyotugusa zaidi ni ya sanduku moja kubwa, urefu wake karibu mita moja na nusu, lililotengenezwa Kyoto yapata mwaka 1640 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kiholanzi. Likaja mikononi mwa Kardinali Mazarin wa Ufaransa. Baadaye likawa la tajiri wa Kiingereza, William Beckford, kisha la watawala wa Hamilton, ambao mali yao ilipigwa mnada mwaka 1882. Likanunuliwa tena na tena, na baada ya mwaka 1941 likapotea machoni pa wataalamu. Mwaka 1970 mhandisi mmoja Mfaransa aliyekuwa akikaa London alilinunua kwa paundi 100, akaweka televisheni juu yake. Makumbusho ya Victoria and Albert, katika mji ule ule, yalikuwa yakilitafuta! Aliporudi kwao Ufaransa akalifanya la kuwekea vinywaji. Baada ya kufa kwake ndipo likatambuliwa, na mwezi Juni 2013 makumbusho ya Amsterdam yakalinunua mnadani kwa zaidi ya yuro milioni 7.

Wengi wakisikia habari hii humcheka mhandisi. Nasi tulicheka. Lakini tulipokwisha kucheka tukahesabu wenye sanduku mmoja mmoja: kardinali, tajiri, watawala, wanunuzi wa mnadani, mhandisi. Kila mmoja alisema, "Langu." Kila mmoja aliondoka, nalo likakaa pale pale likimngoja mwingine. Yule mtu wa Luka 12 aliulizwa swali hili hili, mali yake itakuwa ya nani, wala hatusomi kwamba alikuwa na jibu.

Hatusemi kwamba kutunza vitu ni dhambi. Kama wasingekuwako watu wa kuvipenda, vyombo hivyo vingeliwa na wadudu na moto. Jua huviharibu pia, hata mng'ao ukafifia. Basi mwenye kuvificha kivulini anafanya kwa akili. Tunalolitazama ni jingine, nalo twaliona vizuri katika kisanduku kidogo kilichoko Japani kwenyewe.

Fransisko Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549 akihubiri Injili. Baada ya miaka kadhaa mafundi wa huko wakaanza kutengeneza vyombo vya kanisa kwa ule utomvu wao: vibao vya kusomea Misale, na visanduku vya mviringo vya kutunzia mkate wa Ushirika Mtakatifu, vyenye herufi za jina la Yesu juu ya kifuniko. Mwaka 1614 serikali ikapiga marufuku Ukristo nchi nzima, na waumini wengi wakauawa. Kisanduku kimoja kimehifadhiwa hata leo katika hekalu la Wabuddha liitwalo Tokeiji, mjini Kamakura. Kimepambwa kwa mizabibu. Watu wa dini nyingine wamekitunza kwa heshima, nasi twawashukuru. Ila ndani hamna mkate. Na Wakristo wa pande za Nagasaki waliishi zaidi ya miaka 200 bila kisanduku wala padre, wakibatizana kwa siri, hata mwaka 1865 wakajitokeza kwa padre katika kanisa la Oura na kusema kwamba moyo wao na wake ni mmoja.

Sasa tuseme la nyumbani. Tulipostaafu wanachuo walitupa zawadi ya vikombe na sahani za kaure, zenye ukingo wa dhahabu. Tuliviweka kabatini, nyuma ya kioo, tukasema ni vya wageni. Wageni walikuja; tukasema, hawa si wageni wenyewe, tungoje Askofu. Askofu alikuja mara moja akanywa maji tu, katika bilauri. Marehemu mama watoto alikuwa akivifuta vumbi kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja, naye alikunywa chai yake katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Tulimzika mwaka juzi. Hakupata kunywa hata mara moja katika vikombe vile alivyovitunza, na aliyemzuia ni sisi.

Juma la pili baada ya Pasaka tulifungua kabati. Akina mama wa Umoja wa Mama walikuwa wamekuja kutuombea, na wajukuu walikuwapo, tukawatilia chai wote. Kikombe kimoja kimekwisha kuvunjika. Mtoto alilia sana, tukamwambia anyamaze, tukamtilia katika kingine.