Namba Mbili za Adapta

Katika umri huu wa kupita sabini nimegundua kwamba makosa yangu makubwa hayakutokana na kutojua kusoma, bali na kusoma namba isiyohusika. Jambo hili nilifundishwa na redio.

Ni redio ya zamani, inayotumia betri sita kubwa. Kila betri ina volti 1.5, na zikipangwa kwa kufuatana hufanya volti 9. Bei ya betri iliponichosha, niliamua kutumia umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu Tanzania ni volti 230, na hivyo hauwezi kuingizwa redioni bila adapta ya kuupunguza. Nyuma ya redio pameandikwa volti 9, miliampea 500. Droo yangu ilikuwa na adapta mbili: moja ya volti 9 na miliampea 1000, nyingine ya volti 12 na miliampea 300. Nikajiuliza: redio inataka 500, nikiipa 1000, si nitaigharikisha? Afadhali hii ya 300, ni ya upole. Nikaichomeka. Haukupita muda redio ikakoroma, ikanyamaza, na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Adapta yenyewe ilikuwa na moto kama pasi.

Fundi aliifungua, akacheka, kisha akajizuia kwa heshima. “Mwalimu,” akasema, “uliiogopa namba isiyodhuru, ukaiamini namba inayoua.”

Akanieleza kwamba volti ni msukumo, mfano wa maji yashukayo kutoka tangi lililo juu ya mnara. Msukumo huo kifaa hakiuchagui, hupewa tu. Lakini ampea zilizoandikwa kwenye adapta si kiasi inachosukuma, bali ni kiasi inachoweza kutoa kikihitajika. Redio ya miliampea 500 haitachota zaidi ya mahitaji yake hata ikiunganishwa na adapta ya 1000 au 3000, alimradi volti ni zilezile. Adapta ndogo ndiyo ya kuhofiwa, maana huchotwa kupita uwezo wake mpaka inaungua. Basi kanuni ni hii: volti zilingane, ampea zitoshe au zizidi, na ncha ya chanya na ya hasi zikae pale kifaa kinapozitaka.

Nilirudi nyumbani na redio iliyokufa, na usiku huo usingizi ulinikataa. Sikuwa nikiiwaza redio.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilitakiwa kumteua mlezi wa wanachuo. Wakufunzi wawili walifaa kufikiriwa. Wa kwanza alikuwa na elimu kubwa kuliko sisi sote, mimi nikiwamo, lakini alizungumza kwa sauti ya chini na hakumjibu mwanachuo kabla ya kumsikiliza. Nilimhofia. Nilidhani mtu mwenye hazina kubwa kiasi kile atawameza vijana. Wa pili alikuwa na akiba ndogo ya maarifa na subira ndogo zaidi, ila alikuwa na msukumo. Nikamteua yeye, nikaita huko kuimarisha nidhamu.

Katika mazoezi ya kufundisha, binti mmoja mpole alichelewa kukamilisha andalio la somo. Mlezi wangu alimkaripia mbele ya watoto wa darasa la nne aliokuwa akiwafundisha. Binti alikuja ofisini kwangu. Nilimwambia avumilie, kwani ualimu unataka moyo. Wiki iliyofuata kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu. Sikumwona tena. Kwa miaka mingi nilisema kwamba hakuwa na wito.

Je, uwezo mkubwa ni hatari kwa aliye mdogo? Hili ndilo swali ambalo redio iliniuliza, na jibu langu ni kwamba uwezo peke yake haumuunguzi mtu. Mwenye kingi anaweza kukaa na mwenye haja ndogo, naye akachota kadiri yake bila kuumia. Kinachounguza ni msukumo usiolingana na anayeupokea. Na mara nyingi mwenye kusukuma sana ndiye mwenye kidogo cha kutoa, naye pia huungua, kama adapta yangu.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba wenye uwezo mkubwa nao wamewahi kuangamiza watu. Ni kweli. Hata adapta kubwa, nyaya za kifaa zikigusana ndani, humimina yote iliyo nayo, ndiyo maana mafundi huweka fyuzi. Wakubwa nao wanahitaji fyuzi, yaani sheria na watu wa kuwaambia basi. Lakini chuoni kwangu fyuzi ilikuwa mimi, na sikukatika.

Mjukuu wangu ana chaja mpya ya simu. Ameniambia kwamba chaja za aina hiyo huanza na volti 5, kisha huwasiliana na kifaa, na hazipandi hadi 9 au zaidi mpaka kifaa chenyewe kiombe. Nilimtaka anirudie maelezo hayo mara mbili. Binti yule alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake, akasimama mbele ya meza yangu, nami sikumwuliza hata swali moja.