Mlio wa Asubuhi ya Baridi

Mwezi wa Julai Njombe huamkia ndani ya ukungu. Jumapili iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, niliwasha pikapu ya usharika niende kuhubiri mtaa wa mbali, nayo ikaanza kugonga: ko, ko, ko, mlio mkavu kama wa kijiko kwenye sufuria tupu. Tukapanda kilima, injini ikapata moto, na tulipofika njia panda mlio ulikuwa umekwisha. Mzee wa kanisa aliyekaa kando yangu akasema, "Imepona, Mchungaji." Nilitamani sana iwe kweli.

Jumatatu nikaipeleka gereji. "Kamwene, Mchungaji," fundi alinisalimu, kisha akanizuia nisiondoke na gari. "Iache ilale hapa. Nataka kuisikia kesho ikiwa baridi." Nilikwenda nikiwa tayari kuambiwa injini ifunguliwe. Yeye alitaka kuisikiliza kwanza.

Kesho yake akashika bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye bloku, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Alipofika silinda ya tatu, mlio ukafifia. Akatabasamu, akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto.

Pistoni zetu ni za alumini, silinda ni za chuma cha kusubu. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kwa sababu hiyo pistoni hutengenezwa ikiwa ndogo kidogo kuliko tundu lake, ikaachiwa upenyo wa sehemu chache tu za mia za milimita. Ikishalika, au ukuta wa silinda ukilika, upenyo unazidi. Mwako unapoisukuma chini, pistoni inayumba na kupiga ukuta. Injini ikipata moto, pistoni inavimba, inaujaza upenyo, na kelele inanyamaza. Ulikaji wenyewe uko palepale.

Nikamuuliza ulikaji huo umetoka wapi. Akataja oili iliyochelewa kubadilishwa, vumbi la kiangazi lililopita kwenye chujio la hewa lililochanika, na siku ambazo rejeta ilipungukiwa maji tukaendelea na safari. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda mara 50 na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Uzembe mdogo ukizidishwa kwa hesabu hiyo, kwa miaka kadhaa, huacha alama.

Tena alinionya kwamba si kila kugonga ni kwa pistoni kuyumba. Beringi ya konrodi iliyolika hutoa mlio mzito zaidi, unaoongezeka gari likibeba mzigo. Pini ya pistoni ina mlio wake, mkali. Kuna na petroli inayowaka vibaya ndani ya silinda, ukasikia milio midogomidogo ya kugonga ukipanda mlima. Niliinamisha kichwa, maana miaka ya nyuma, katika gereji nyingine, tulibadilishiwa ringi kwa sadaka ya waumini, na wiki iliyofuata mlio ukarudi. Ilikuwa beringi. Hakuna aliyekuwa ametega sikio.

Mpendwa, nyumbani kwako ni nani anayegonga asubuhi? Je, umewahi kukaa karibu naye, ukamsikiliza akiwa bado baridi?

Mimi ninaye mdogo wangu. Nikimpigia simu, maneno yake ya mwanzo ni makavu. Tukishaulizana habari za watoto na mahindi, analainika, tunacheka, nami nakata simu nikijiambia amepona. Kwa miaka miwili nimemwita mkali. Sikuwahi kujiuliza upenyo ulianzia wapi, ingawa moyoni naujua: baba alipougua, mdogo wangu alimuuguza peke yake. Mimi nilikuwa na semina, vikao na ibada, na kila juma nilisema nitakwenda juma lijalo.

Namkumbuka Petro. Alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo, alfajiri kando ya ziwa, Yesu aliwasha tena moto wa makaa, akaoka samaki, akawapa wanafunzi wake mkate. Petro alipokwisha kula na kupata joto, ndipo Bwana alipomuuliza kama anampenda, mara tatu, kwa idadi ya zile mara alizomkana. Naona upendo mkubwa katika mpangilio huo. Hakumhoji Petro akiwa na njaa na nguo zimelowa. Wala hakuridhika kula naye samaki na kuacha jambo lenyewe chini ya joto la moto.

Fundi alisema pikapu itatembea kwa sasa, tuipashe moto polepole na kuitazama oili kila asubuhi, mpaka tupate fedha za kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. "Ila usiseme imepona, Mchungaji."

Jana jioni nilimpigia mdogo wangu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, akaanza kucheka. Safari hii sikukata simu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, niambie ule mwaka wa baba ulivyokuwa. Nilipaswa kukuuliza zamani, na nilipaswa kuwapo."

Akanyamaza muda mrefu. Nilisikia mlango wake ukifungwa, na kigoda kikivutwa sakafuni. Kisha akaanza, tangu ile siku baba alipoanguka shambani.