Mkalimani Asahihishe?

Huku kwetu Balangdalalu, mzee akisema Kidatoga mbele ya mgeni, mkalimani hulipokea neno na kulipitisha kwa Kiswahili. Sasa tuseme mzee amekosea hesabu ya ng'ombe. Mkalimani asahihishe, au apitishe kosa kama lilivyo?

Swali hilo hilo, ndugu msomaji, linanikaba katika programu ninayoiunda mwenyewe, ya kuiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta ya leo. Naiga CHIP-8, lugha aliyoibuni Joseph Weisbecker kwa ajili ya COSMAC VIP ya mwaka 1977. Amri yake ya kusogeza biti huchukua namba ya rejista ya pili, huisogeza, kisha huiweka katika ya kwanza. Mwaka 1990 ikaja CHIP-48 ya kikokotoo cha HP-48. Hiyo husogeza ya kwanza tu. Ya pili haina habari nayo. Mpangilio ukikosewa, mchezo unaweza usizime. Unakwenda, lakini kombo. Hatari iko hapo: kosa linalonyamaza huaminiwa.

Wenzangu husema, "Wewe weka iliyo sahihi, yaishe!" Sahihi kwa nani? Michezo ya kale iliandikwa kwa kuamini tabia ya mashine ya kale. Ukiinyoosha mashine, unaipinda michezo.

Mimi nasema, anayeiga hana ruhusa ya kusahihisha kimyakimya. Akijua pana kosa, alitaje waziwazi, lakini kwanza alipitishe. Nasi tunaotaka kuandika riwaya tuna deni hilo hilo. Tukiwanyoosha wazee wetu ukurasani, msomaji atamsikia nani?