Jiwe la Kusagia Lisitwaliwe Rehani

Wengi wenu mlisikia habari za Marekani katika mwaka 2025, jinsi ofisi nyingi za serikali zilivyofungwa siku 43, tangu 1 Oktoba hata 12 Novemba, kwa kuwa vyama viwili havikupatana juu ya fedha. Waongozaji wa ndege walifanya kazi pasipo mshahara. Wala mambo haya si ya ng'ambo tu. Katika Kenya, mwaka 2019, Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikataka bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza Julai. Mapatano ya bilioni 316.5 yalikuja Septemba.

Mtu wa Picha ya Ndege aweza kusema, Heri sisi, Bunge letu halina ugomvi huo. Kweli, lakini Katiba yetu ya 1977, ibara ya 90, yampa Rais ruhusa ya kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mzee wa kanisa asiyeuliza habari za sadaka naye hukaa kwa utulivu, na utulivu huo wamfaa nani?

Basi, kukataa si dhambi, ni amana. Lakini mtu amshurutishe mwenzake kwa kushika nini? Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yakataza kutwaa rehani jiwe la kusagia, maana ni kutwaa uhai. Angalieni, mdai yule ana haki. Deni ni deni. Hata hivyo kiko kitu asichopewa kukishika. Na sura iyo hiyo yaamuru kibarua alipwe kabla jua halijachwa.

Wademokrati walitaka msaada wa bima ya afya udumu. Warepublikani walisema ofisi zifunguliwe kwanza, ndipo wasemezane. Kila upande ulikuwa na neno la maana. Lakini mdai wa Torati angalau humshika mdeni wake mwenyewe. Hawa jiwe walilolishika lilikuwa la mtu wa tatu, asiyedaiwa kitu.

Luther, katika Katekisimo Kubwa, akieleza ombi la nne, aliona yafaa ngao ya mtawala mwema ichorwe mkate mahali pa simba. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 222, yaruhusu hata nusu ya makadirio itumike wakati sheria ya matumizi ikingali inangojewa. Hivyo wakubwa waweza kushindana, na unga ukaendelea kusagwa.